Mikungu ya Mama Kobe

Paukwa!

Pakawa!

Mliosimama, ketini. Mlioketi, sogeeni.

Hapo zamani za kale, Mama Kobe alikuwa na binti mmoja tu, jina lake Mashavu. Mashavu akaolewa ng'ambo ya uwanda. Alivuka wakati wa masika, mawingu yametanda, nyasi ndefu. Kiangazi kilichofuata, moto ukala nyasi zote. Uwanda ukabaki mtupu; hata mvua ziliporudi, nyasi hazikuota tena wala mawingu hayakukaa. Jua likawaka, waa! Kobe akiingia humo, anaiva ndani ya gamba lake kama kiazi chunguni.

Mama Kobe akajaribu kumfuata mwanawe. Kwaru, kwaru, kwaru. Jua likamrudisha. Akajaribu tena. Kwaru, kwaru, kwaru. Jua likamrudisha. Akawa anakaa pembezoni mwa msitu, anatazama ng'ambo.

Mvua zilipoanza, akaokota kungu lililokomaa, tunda la mti wa mkungu wenye kivuli kipana. Akaliviringisha kwa pua mpaka pale alipoweza kufika kabla jua halijapanda, akalifukia. Ngiri akamwuliza anafanya nini.

"Nakwenda kwa mwanangu," akasema.

Ngiri akacheka mpaka akakaa chini. Akamwambia mti huo hautatoa kivuli leo wala kesho.

"Najua," akasema Mama Kobe. "Nisipoupanda, hata kesho kutwa hautatoa."

Mche ukachipua. Akauzungushia miiba, swala wasiutafune. Akaunywesha maji aliyobeba mdomoni, tone kwa tone. Mkungu ukakua, ukatandaza matawi, tabaka juu ya tabaka. Mama Kobe akashinda chini yake, akapanda mwingine mbele. Kwaru, kwaru. Akangoja. Akapanda mwingine. Kwaru, kwaru. Akangoja. Miguu ikachoka, macho yakafifia. Hamu haikuzeeka.

Kanga wakaanza kuvuka na vifaranga wao, kivuli hadi kivuli. Ngiri naye akaja, hacheki tena, akamchimbia shimo la mti uliofuata.

Siku moja Mama Kobe alikuwa amejilaza chini ya mkungu wa mbele kabisa. Ng'ambo sasa haikuwa mbali. Akasikia: kwaru, kwaru. Akatokea kobe mzee, gamba limepauka, anahema.

"Shikamoo, bibi. Naomba nipumzike hapa."

"Marahaba. Pumzika. Unakwenda wapi?"

"Kwa mama yangu. Sijui kama yu hai. Kanga wameniambia siku hizi njiani kuna vivuli."

Mama Kobe akamtazama. Sura hakuitambua. Sauti aliijua.

"Mashavu," akasema, "umezeeka, mwanangu."

Wakakaa kichwa kwa kichwa. Miaka iliyopita haikurudi, na hawakuitafuta. Jua lilipohama, nao wakajisogeza pamoja, wakifuata kivuli.

Basi, wakubwa kwa wadogo, funzo ni hili: kivuli hakipandwi siku ya jua. Ukimtamani aliye mbali, anza na mti mmoja, na huo ukiota, panda mwingine.

Hadithi yangu imeishia hapo, chini ya mkungu. Tuwaache wawili hao wapumzike.