Nundu ya Maji

Hapo zamani, mpunga ulipokuwa ukisafirishwa kwa mfereji, maksai walitembea ukingoni wakivuta chelezo kwa kamba. Mfereji ulikuwa mrefu, umenyooka, na maji yake yalitulia tuli.

Aliyemwambia Nyamizi, mama wa mtoto mchanga, kwanza habari za nundu ya maji alikuwa wifi yake, Kabula.

"Wifi, leo nimeona jambo. Chelezo kimesimama ghafla, lakini maji yaliyorundikana mbele yake hayakusimama. Yamefanya nundu moja, kama ya ng'ombe, yakaondoka. Hayakuvunjika, hayakupungua. Yamekwenda hivyo hivyo mpaka yakanipotea machoni. Tafadhali, usimlaze mtoto ngazi ya chini."

Wanawake wa pale walikuwa wamechonga ngazi za udongo ukingoni. Walipofua, waliwalaza wachanga ngazi ya chini kabisa, karibu na maji, wapate ubaridi. Maji ya mfereji hayakuwahi kupanda. Nani angeogopa?

Mbuke, jirani yao, alicheka mpaka sabuni ikamponyoka. Akatupa jiwe majini. Viwimbi vikatawanyika, vikafifia.

"Haya, Kabula, wimbi lako liko wapi? Limekwenda sokoni?"

Nyamizi naye alicheka. Hata hivyo, alimpandisha mwanawe ngazi moja. Moja tu, asije akaonekana mwoga.

Siku hiyohiyo Masalu, mwendesha maksai, alikuwa akiwakimbiza wanyama wake ili awahi chakula. Maksai mmoja akajikwaa, kamba ikalegea, chelezo kikasimama ghafla. Maji ya mbele yakajikusanya, yakaondoka peke yake: nundu moja, laini, ndefu.

Masalu alijua wanawake wanafua mbele. Akaacha maksai, akaacha mzigo, akakimbia. Yeye ukingoni, nundu majini. Yeye akihema, nundu haihemi. Mwishoni aliipita kidogo.

"Tokeni! Maji yanakuja!"

"Kaka Masalu, umelewa mchana huu?" Mbuke alimwuliza.

Lakini sauti ya Masalu haikuwa ya mlevi. Wanawake wakapanda ukingoni. Nyamizi alikuwa mbali akianika nguo. Akageuka, akaanza kukimbia. Kabula, aliyekuwa karibu na mtoto kuliko wote, aliiona nundu, akaganda na kanga mbichi mkononi.

Nundu ikapita juu ya ngazi. Haikumbeba mtoto kwenda naye. Ilimwinua tu kutoka ngazini, ikamwacha katikati ya mfereji, ikaendelea na safari yake kana kwamba haikugusa kitu.

Mbuke hakujua kuogelea, lakini alijitosa. Maji yalimfika shingoni. Akamshika mtoto, akamwinua juu ya kichwa, wenzake wakamvuta. Mtoto akalia. Nyamizi akafika, akampokea.

Desturi yao ilikuwa hivi: mtoto aliyetolewa majini hupewa jina na yule aliyemrudisha, naye huwa mzazi wake wa pili, mtoto akiishi kwake kila msimu wa mavuno. Wakidai wengi, anayechagua ni mama. Anachagua mmoja.

Jioni watatu walikuja kwa Nyamizi, kila mmoja akimdai mtoto.

Kabula, ambaye hakujaliwa mtoto, alisema, "Bila onyo langu angekuwa ngazi ya chini. Nundu ingemfunika."

"Lakini uliganda kama nguzo, shoga," Mbuke akasema.

"Niliganda. Sikatai."

Masalu akasema, "Bila mbio zangu, nyote mngekuwa mmeinama majini. Nani angemwona?"

"Na nundu aliizaa nani, kaka?" Mbuke akauliza.

"Mimi. Ndiyo maana nilikimbia nayo."

Mbuke akatazama mikono yake. "Mimi nilicheka. Pengine bila kicheko changu Nyamizi angempeleka mtoto nyumbani kabisa. Lakini mikono iliyomshika ni hii."

Nyamizi alikuwa akiifikiria ngazi ile moja. Mbona hakumpandisha hadi juu?

Asubuhi yake alimwogesha mwanawe, akampaka mafuta, akamfunga kanga kavu. Akatoka nje. Kabula, Masalu na Mbuke walikuwa wamekaa uani, kila mmoja na jina alilomchagulia mtoto moyoni. Walipomwona, wote watatu walinyoosha mikono, na hakuna aliyemsukuma mwenzake.

Nyamizi akasogea na mtoto.

Je, wewe unayesikiliza, ungemweka mikononi mwa nani?