Neno Lililobaki Ndani ya Kompyuta

Hapo zamani, wala si zamani ya wafalme na majini bali zamani hii ya juzi, ambapo sauti ya mtu hubaki ndani ya chombo hata mwenyewe akishazikwa, paliishi mjini Korogwe mzee mmoja akiitwa Sekidio. Kaeni vizuri mnisikilize, wala msisinzie, maana mimi jibu la hadithi hii sina. Nitalitaka kwenu.

Mzee Sekidio alikuwa na mke, Bi Mwanaheri, na mtoto wa kiume, Mngoya. Binti yake mkubwa aliitwa Salha. Binti mdogo aliolewa na Masanja, mpiga picha za harusi kutoka Tabora, na wakaishi hapo hapo Korogwe. Salha naye aliolewa, lakini kwa mtu ambaye baba yake alimkataa. Mzee akasema, "Usikanyage tena mlango wangu." Salha hakukanyaga. Wote wawili walikuwa na shingo ngumu, na Bi Mwanaheri akakaa katikati yao miaka na miaka, akimlilia huyu na kumlilia yule, bila faida.

Mzee akaugua, ugonjwa wa kulala kitandani bila kuinuka. Siku moja Masanja aliingia chumbani na kamera, na mzee akakubali kusema. Kwanza alitoa wosia mbele ya wote. Kisha akamwambia mkewe atoke, naye Mngoya atoke, abaki Masanja peke yake.

"Neno hili ni la Salha," alisema. "Asilisikie mtu kabla yake."

Akalisema kwa Kizigua. Masanja Kizigua hata salamu hakijui, na labda ndiyo sababu mzee alimwamini. Bi Mwanaheri alikuwa uani akipepeta mchele, akapepeta bila kutazama mpaka chenga na mchele vikamwagika pamoja. Alijua kwamba mumewe ama anatoa radhi, ama anaondoka nayo kaburini. Mtoto asiye na radhi ya baba, hata akila hashibi.

Sasa neno limo ndani ya kamera, litatokaje? Kamera ya Masanja ilikuwa kubwa, na picha zake nzito. Kompyuta yake ya zamani ilipojaribu kuzifungua iliganda. Akaizima, akaiwasha, ikaganda tena. Basi familia ikachangishana, na Mngoya akatumwa Tanga kununua kompyuta mpakato yenye nguvu za kuhariri picha na video.

"Shemeji, usiangalie sura," Masanja alimwambia. "Chukua nene. Prosesa kali, kumbukumbu nyingi, hifadhi kubwa, feni mbili. Ikinguruma usiogope, ndiyo inapumua."

Mngoya akafika dukani. Muuzaji akamwekea mbili mezani. Ya kwanza nene, nyeusi, nzito kama tofali. Ilipopewa video ya kuchakata ikanguruma hata watu wa duka la jirani wakageuka. Ya pili nyembamba, ya rangi ya fedha, na kioo chake kilionyesha rangi ya ngozi kama ilivyo. Nguvu zao kwenye maelezo zilikuwa sawasawa. Lakini ya pili haikutoa sauti yoyote.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapo vyote viwili vilikuwa vyema na vyote vilijiuza, basi msimcheke Mngoya. Aliifikiria nyumba yao, ambamo Masanja angefanyia kazi sebuleni na mzee amelala nyuma ya pazia. Usingizi wenyewe mzee alikuwa anauokoteza. Mngoya akachagua ile ya kimya.

"Hii haina feni," muuzaji alimwambia. "Joto lake linatokea mgongoni. Ipe hewa, usiifunike."

Mngoya akarudi, akampa Masanja kompyuta na maneno ya muuzaji. Masanja aliigeuza huku na huku, akaguna, akaanza kazi. Lakini Mngoya hakumwambia mama yake kitu. Nani angefikiri kwamba Bi Mwanaheri naye aambiwe habari za kompyuta?

Mzee Sekidio akafariki. Salha hakuja mazikoni. Alituma salamu kwamba atakuja siku ya kuanua matanga, siku ambayo neno lake litatolewa. Masanja akaunganisha filamu: ujana wa mzee, harusi yake, wosia wake, na mwisho kabisa lile neno, ambalo hakulikata wala kuligusa.

Siku moja kabla ya kuanua matanga ikabaki kazi ya mwisho, ile ambayo mashine hukaa yenyewe na kuvishona vipande vyote viwe filamu moja. Mchana huo huo Masanja alikuwa na harusi ya watu Mombo. Kadi zake za kamera zilikuwa zimejaa, akazifuta, kwa kuwa kila kitu kilikuwa salama ndani ya kompyuta mpya. Akaianzisha kazi, akaiacha juu ya meza.

"Mama, msiiguse mpaka nirudi," alisema.

"Hakuna wa kuigusa hapa," Bi Mwanaheri alijibu.

Na kweli hakuigusa. Lakini wageni walikuwa njiani, nyumba ilikuwa ikifagiliwa, vumbi limejaa sebule nzima. Bi Mwanaheri aliitazama ile kompyuta, akamwona mumewe mle ndani akipigwa na vumbi. Nyumba ipi yetu ambayo redio haina kitambaa chake, na televisheni chake? Alitoa sandukuni kitambaa alichokifuma alipokuwa mwari, akaifunika. Matundu ya kitambaa yakamtia wasiwasi, vumbi lingepita, akaongeza khanga mbili juu yake. Baadaye aliweka kiganja, akasikia joto. Akafurahi. Tangu mzee azikwe hapakuwa na kitu chenye joto ndani ya nyumba ile, na joto lile lilimfariji kuliko maneno ya wafariji wote.

Jua la Korogwe likazidi kuwaka juu ya bati. Alipoweka kiganja tena, kiliungua. Akafunua, akakuta kioo kimekuwa cheusi, na harufu ya plastiki ikamjaa puani. Alikunja khanga, akakunja kitambaa, akavirudisha sandukuni, akakaa chini.

Masanja alirudi, akabonyeza, akabonyeza tena. Fundi akaitwa, akaifungua.

"Ubao wa ndani, unaobeba vifaa vyote, umeungua," fundi alisema. "Na kwenye hizi nyembamba hifadhi imegandishwa ubaoni, vimekufa pamoja. Ingekuwa nene, ningechomoa hifadhi nikaichomeka kwingine, mkapata vitu vyenu."

Siku ya kuanua matanga Salha alikuja. Alisimama mlangoni muda mrefu kabla hajavuka. Akaambiwa yaliyotokea, naye akauliza jambo moja tu.

"Masanja, wewe ulikuwepo. Alisema nini?"

"Dada, lugha siijui. Nilisikia jina lako. Mwishoni alilia."

"Alilia kwa hasira au kwa huruma?"

Hata hilo Masanja hakuweza kulitambua.

Katika ukoo ule matanga hayaanuliwi na kosa likiwa halina mwenyewe. Hutandikwa mkeka, aliyekosa hukaa mbele ya aliyekosewa, humnawisha mikono na kumwomba radhi. Aliyekosewa akinyosha mikono, yamekwisha. Na akaaye mkekani lazima awe mmoja, kwa sababu, kama alivyosema Shangazi Mwantumu, dada yake marehemu, kosa likigawanywa kila mtu huondoka na kipande chepesi akakisahau njiani. Shangazi akatandika mkeka, akashika birika.

"Salha kaa hapa. Aliyemnyima neno la baba yake aje."

Mngoya alisema, "Mimi nimechagua kwa ajili ya baba. Nilitaka alale. Maonyo ya muuzaji niliyafikisha. Kama huruma kwa mgonjwa ni kosa, nitakaa."

Masanja alisema, "Niliomba nene nikaletewa nyembamba. Kadi nilizifuta, ni kweli, lakini ningekataa harusi ya watu siku yenyewe? Nilidhani nimeiacha kompyuta mikononi mwa watu wa nyumbani."

"Kwa hiyo unatulaumu sisi?" Mngoya aliuliza.

"Sijasema hivyo, shemeji. Ila iliungua mimi sipo."

Wakaanza kutupiana maneno. Bi Mwanaheri aliwasikiliza. Hakuna aliyemshuku, na hapangekuwa na mtu wa kumshuku hadi anakufa. Lakini mficha uchi hazai. Aliinuka, akaenda sandukuni, akarudi na kitambaa, akakiweka juu ya mkeka.

"Niliifunika," alisema. "Nilikuwa namfunika baba yenu asipigwe na vumbi. Hakuna aliyeniambia nisifunike, na mimi sikuuliza. Kisha nikaficha. Wifi, nipe hilo birika."

Shangazi akanyosha birika kumpa. Ndipo Salha alipouzuia mkono wa shangazi yake.

"Mama, usikae," alisema. "Baba alipozidiwa, Masanja alinipigia simu. Aliniambia, 'Njoo, mzee ana neno lako.' Siku hiyo mabasi yalikuwepo, na mimi nilikuwa mzima. Nikamjibu, kama ana neno alisemee kwenye kamera, nitalisikia nikipenda. Masanja amenisitiri, hakuwaambia. Ningekuja, kompyuta isingenunuliwa, na pasingekuwa na cha kuungua. Niondoeni mimi hapa kwenye nafasi ya aliyekosewa."

Akasogea, akaenda kukaa upande wa pili wa mkeka, upande wa waombaji radhi. Mama yake akasogea akakaa kando yake, Mngoya naye akavua viatu, na Masanja akavua. Mkeka ulikuwa wa watu wawili.

Shangazi Mwantumu alisimama na birika lake, akiwatazama, na machozi yakamtoka. Alisema, "Mmoja. Nimesema mmoja."

Ndugu zangu mnaonisikiliza, maji bado yamo birikani na matanga hayajaanuliwa. Mngoya alichagua, Masanja alifuta, Bi Mwanaheri alifunika akaficha, Salha aliitwa akakataa. Je, nani akae mkekani? Na mkisema ni Salha, basi niambieni, aliyekosewa ameshazikwa: ni nani atakayenyosha mikono anawishwe?