Fundi Zuheri na Daraja Lililoanguka

Wamesimulia wapokezi wa habari za watu wema kwamba zama za kale, katika milima ya Yemen, palikuwa na fundi mwashi akiitwa Zuheri bin Wahbi, Mola amrehemu. Mji wake ulikatwa na korongo. Mvua zikinyesha, maji hushuka kwa kishindo, na watu wa ng'ambo wakakosa soko, wakakosa tabibu, wakakosa na sala ya Ijumaa. Zuheri akaweka nia mbele ya Mola wake kuwajengea waja hao daraja la mawe.

Akaanza kazi, na tao likasimama juu ya mbao za kulishikilia. Chokaa ilikuwa bado mbichi, na Idi inakaribia. Hapo moyo wake ukaingiwa na tamaa. Akajiona asubuhi ya Idi watu wakivuka, wakimwombea dua na kulitaja jina lake.

Vibarua wake wakamwambia, "Bwana fundi, ingekuwa heri tungoje."

"Si mnaona pamekauka?" akawajibu, akaziondoa mbao.

Watu wakavuka siku ya Idi kwa takbiri. Hazikupita hata Ijumaa mbili, mvua kubwa ikanyesha milimani, maji yakaligonga lile tao, likaporomoka. Juu yake alikuwa akipita mjane mmoja msusi wa mikeka, Bi Atika. Walimtoa hai, lakini mguu wake ulipondeka, na tangu siku ile hakutembea bila mkongojo.

Mji mzima ukasema ni mafuriko. Kadhi alipomwita Zuheri, shemeji yake Ghalibu alimsindikiza hadi mlangoni, akamnong'oneza, "Wewe nyamaza tu. Watu wamekwisha kukupa udhuru, nawe usiukatae."

Zuheri akasimama mbele ya kadhi. Udhuru ule ulikuwa mtamu, na hakuna ambaye angemuuliza zaidi. Kisha akasema, "Ewe kadhi, maji ameyaleta Mola, lakini haraka ilikuwa yangu. Niliondoa mbao kabla ya wakati ili nisifiwe siku ya Idi. Nilionywa, nisisikie."

Kadhi akahukumu shamba la mizabibu la Zuheri liwe fidia ya Bi Atika. Na tangu hapo hapakuwa na mtu mjini aliyemwita hata kuziba ufa wa ukuta.

Maji yalipopungua, Zuheri akateremka korongoni. Haya ilimvuta arudi, lakini akajikaza akaingia katikati ya mawe yake yaliyolala ovyo. Akaokota bonge la chokaa, akalivunja. Nje lilikuwa gumu kama jiwe, ndani laini kama unga uliokandwa. Macho yake yalikuwa yameuona ukavu wa juu, naye akaridhika nao.

Akahamia bonde jingine, akawa mtumishi wa mafundi wenzake, akibeba mawe kama mwanagenzi ilhali ndevu zimeanza kuota mvi. Walipomwamini, akajenga matao madogo juu ya mifereji ya mashamba. Moja likapasuka. Hakungoja kuulizwa, alilibomoa kwa mikono yake, akachimba, akagundua ameliegemeza kwenye changarawe. Akachimba tena hadi kwenye mwamba. Kila baada ya sala ya Alasiri alileta istighfari, akamwomba Mola amrudishe kwenye korongo lile, na amwondolee kupenda kusifiwa.

Miaka ikapita, akarudi. Alipoomba ruhusa ya kujenga, watu walipiga kelele msikitini. "Aliyevunja watu miguu, leo apewe korongo lile lile?"

Kadhi akasema, "Neno hili ni la Bi Atika, si letu."

Bi Atika akaitwa, akaja taratibu, akaketi. "Zuheri, lile lilianguka kwa nini?"

Akamweleza, hakuongeza wala hakupunguza.

"Na safari hii utafanyaje?"

"Nitangoja, Bi Atika."

Mama yule akawageukia watu. "Ninyi nyote siku ile mlisema ni mafuriko. Anayejua kilichoniangusha ni huyu mmoja. Mwacheni ajenge." Kisha akamwambia Zuheri, "Wala usidhani nakusamehe kwa ajili ya daraja. Nilikusamehe siku ile uliyosema kweli."

Zuheri akajenga. Tao likasimama juu ya mbao, na Idi ikakaribia tena. Watu wakamhimiza, hata liwali akatuma mjumbe. Ghalibu akamjia mbio. "Unawaudhi wakubwa, shemeji!"

"Na waudhike. Chokaa haijui Idi."

Idi ikapita, watu wa ng'ambo wakasali peke yao, na wengine wakamlaani wazi wazi. Zuheri akayameza yote. Kila mara alitoboa chokaa hadi kiini, akaipima, akaziba. Siku alipoikuta ngumu ndani kama nje, akaziondoa mbao, akashuka akaketi kwenye mwamba chini ya tao. Alikuwa amesema kwamba likianguka, limwangukie aliyelijenga.

Mvua za milimani zikaleta maji, yakapita yakinguruma miguuni pake. Tao halikutikisika. Juu hapakuwa na aliyethubutu kukanyaga. Kisha akasikia mkongojo ukigonga jiwe, na hatua moja nzito, na nyingine ikiburuzwa, tangu ukingo huu hadi ukingo ule. Zuheri akasujudu pale pale juu ya mwamba uliolowa, akalia.

Ndugu yangu muumini, kazi zetu zinapoanguka, mafuriko ya kuyasingizia hayakosekani, na watu wema watatusaidia kuyataja. Zuheri alipewa udhuru huo bure. Lau angeuchukua, angebaki na mizabibu yake, wala asingelivunja lile bonge la chokaa aone kilichokuwa ndani. Mola atujaalie ujasiri wa kuyatazama makosa yetu, na subira ya kuyarekebisha. Amin.