Kwa Nini Samaki Hukatwa Chale

Mwenye tonge mdomoni alimeze kwanza, maana habari hii haisikilizwi kwa kutafuna.

Hapo kale watu wa Mtapani waliishi kando ya mto uliojaa samaki, na hapakuwa na nyumba hata moja iliyopika samaki. Kuvua walivua wao. Walilowa wao, waliumwa na mbu wao, na mamba alipomtaka mtu alimchukua miongoni mwao. Lakini samaki akishatoka majini alikuwa wa Jumbe. Alipandishwa kilimani kwenye jiko kubwa lililozungushiwa ua mrefu wa makuti, na huko wapishi walioapishwa walimpika kutwa nzima bila mtu wa nje kuona. Jioni waliteremsha vyungu vya mchuzi mweupe, wakapita mlango kwa mlango wakigawa upawa mmoja wa maji ya moto yenye kichwa au mkia. Nyama ilibaki juu.

Watu hawakulalamika, kwa sababu walifundishwa tangu utotoni kwamba samaki ni chakula kigumu. Waliambiwa kuwa ndani yake mna sumu isiyoonekana, na kwamba wapishi wa Jumbe peke yao ndio wanaojua mizizi ya kuitoa. Mtu wa kawaida akimtia samaki kwenye moto wake, waliambiwa, jua halitatua akiwa hai. Basi akina mama wa Mtapani walipika muhogo, wakapika kunde, wakapika mchicha, huku samaki wakirukaruka majini hatua chache kutoka jikoni kwao.

Palikuwa na jambo jingine. Babu wa kwanza wa ukoo wa Jumbe alikufa kwa mkuki wa ubavuni, na tangu kifo hicho ukoo ule uliweka mwiko: kitu chenye jeraha hakiingii katika jiko la Jumbe. Kwa hiyo pale gatini, mahali wavuvi walipotua, alisimama Mzee Kindamba, mkaguzi, akimgeuza kila samaki huku na huku. Aliyeng'atwa na mamba au kuchanwa na mtego alirushwa mtoni kwa mkono wa kushoto, na Mzee Kindamba akatema mate nyuma yake.

Katika kijiji hicho aliishi mwanamke aitwaye Semeni. Mumewe alichukuliwa na mamba akitega samaki wa kilimani, na tangu hapo Semeni alirithi migono yake, ile mitego ya kusukwa kwa fito, akawa anaitega mwenyewe. Hakuwa na mtoto. Nyumbani alibaki yeye na mama mkwe wake, Bibi Mwajabu, mwanamke mkavu kama ganda la nazi, mwenye ulimi usiozeeka.

Mwaka mmoja, mvua zilipochelewa, Bibi Mwajabu alianza kuishiwa nguvu. Muhogo ulimkwama kooni. Uji aliusukuma kando. Upawa wa mchuzi ulipoletwa aliutazama, akacheka kicheko kisicho na furaha.

"Mwanangu," alimwambia Semeni, "nimezaliwa na mvuvi, nimeolewa na mvuvi, nimezaa mvuvi na nimemlilia mvuvi bila hata mwili wa kuzika. Nyama ya mgongo wa samaki siijui ladha yake. Nitakwenda kuwaambia nini wenzangu waliotangulia? Kwamba niliishi kando ya mto nikanywa maji ya vichwa?"

"Mama, unajua wanavyosema. Inaua."

"Inaua! Kwani mimi hapa nafanya nini? Naota meno?"

Neno lile lilimwingia Semeni. Siku zilizofuata, kila aliposhuka gatini, alimtazama Mzee Kindamba kwa jicho jingine. Alimwona akirusha perege mmoja mzuri, mnene, aliyepasuka kidogo tu karibu na pezi. Semeni akamfuata samaki yule kwa macho akiwa hewani. Akajiuliza: tangu anapomwachia mpaka anapogusa maji, samaki huyu ni wa nani? Si wa Jumbe, maana Jumbe amemkataa. Si wa mto, maana mto umeshamtoa. Swali lile alirudi nalo nyumbani, akalala nalo, akaamka nalo.

Kulipokucha alikuta kwenye mgono wake perege mkubwa kuliko wote aliowahi kuwaona, mweusi mgongoni na mwekundu kifuani. Alimweka kwenye ungo akaenda gatini, akajipanga na wavuvi wengine. Zamu yake ilipofika, Mzee Kindamba aling'aa uso.

"Huyu atamfaa Jumbe mwenyewe. Lete."

Semeni hakumpa. Alichutama, akamlaza samaki juu ya jiwe, akachomoa kisu kiunoni. Watu walidhani anataka kumparua magamba, jambo ambalo nalo halikuwa kazi yake. Kumbe alimkata ubavuni, mkato mrefu wa mshazari uliofika mfupani. Akamkata tena pembeni ya ule wa kwanza. Akamgeuza, akamkata na upande wa pili.

Wavuvi wakasogea kuona. Mzee Kindamba aliinama kuitazama ile mikato.

"Umefanya nini wewe mwanamke?"

"Nimemjeruhi, Mzee Kindamba. Sasa ana jeraha. Haingii jiko la Jumbe."

"Basi mrushe mtoni!"

"Mwiko unasema haingii jiko la Jumbe," alijibu Semeni akiinuka na ungo wake. "Haujasema haingii langu."

Alikaza kanga yake. Akapita katikati ya watu, wakampisha kama wanavyompisha mtu aliyebeba maiti. Mzee Kindamba aliinua fimbo, lakini kumpiga hakuweza, kwa sababu fimbo yake ilikuwa ya kulinda samaki wa Jumbe, na yule hakuwa wa Jumbe tena. Alibaki ameishika hewani mpaka mkono ukachoka.

Nyumbani Semeni aliwasha moto, kisha akakaa akiutazama. Hakujua pa kuanzia. Mizizi ya siri hakuwa nayo. Alikuwa na chumvi, ndimu kutoka mti wa nyuma ya nyumba, vitunguu saumu, pilipili na nazi moja. Akaona heri atumie alivyo navyo. Alimparua, akamtoa matumbo, akamwosha. Akatwanga vitunguu saumu na pilipili pamoja na chumvi, akavikamulia ndimu. Alipompaka, aliona jambo ambalo hakulitarajia: vile viungo havikuteleza juu ya ngozi vikadondoka. Viliingia kwenye zile chale, vikazama mpaka mfupani, kana kwamba samaki alikuwa akivisubiri.

Akambanika juu ya makaa kwa vijiti vibichi. Mafuta yalipoanza kudondoka na makaa kuchachatika, alikuna nazi, akakamua tui zito, akawa anampaka kwa jani la mgomba, upande huu akageuza, upande ule akageuza. Tui likazama kwenye chale, likaganda, likapata rangi ya dhahabu. Harufu ikatoka mlangoni. Ikavuka ua, ikavuka njia, ikaingia nyumba za watu bila hodi. Wanawake waliokuwa wakimenya muhogo waliacha visu hewani.

Na moto wenyewe haukuwa umekaa sana. Muhogo wa jirani, uliotiwa jikoni wakati uleule, ulikuwa haujalainika.

Semeni alimweka samaki kwenye sahani ya mti, akaiweka mbele ya Bibi Mwajabu. Wakati huo mlango ulikuwa umejaa watu, nusu wamekuja kuona kifo, nusu wamekuja kuvuta harufu. Semeni alimega yeye kwanza. Alitaka, kama ni sumu, imwanze yeye. Alitafuna taratibu, akingoja tumbo lisokote, macho yaingie giza. Badala yake machozi yalimtoka, na hayakuwa ya pilipili. Alikuwa anamkumbuka mumewe, aliyekufa bila kujua ladha ya kitu alichokuwa akikifia.

"Vipi?" Bibi Mwajabu aliuliza. "Unakufa au unanimalizia?"

Semeni alimmegea ya mgongoni. Bibi kizee hakuwa na meno, lakini ile nyama haikuhitaji meno. Iliachana yenyewe kwenye chale, pande kwa pande. Alimeza. Akafumba macho, hata jirani mmoja akaanza kulia kwa sauti akidhani amekufa. Kisha akauliza, kwa hasira iliyowashangaza wote:

"Kumbe ni hivi tu? Chumvi na ndimu? Kitu chepesi namna hii ndicho walichotuficha?"

Hakuna aliyekufa. Jua lilitua, Bibi Mwajabu akiwa anafyonza mifupa na kuwatukana wapishi wa kilimani mmoja mmoja kwa majina.

Kesho yake, gatini, mwanamke wa kwanza kutua alitoa kisu kabla Mzee Kindamba hajasema neno. Akamkata kambale wake ubavuni. Wa pili akafanya vilevile, na wa tatu. Wanaume waliona haya kubaki nyuma, wakakata na wao. Mzee Kindamba alikimbia huku na huku akipiga kelele, mpaka mbele yake hapakuwa na samaki mzima hata mmoja wa kupandisha kilimani. Mchana ule moshi ulitoka kwenye kila ua wa Mtapani, na kilimani, kwa mara ya kwanza, haukutoka.

Jumbe Ngwele alishuka mwenyewe. Alikuja na watu wake wenye mikuki, akaenda moja kwa moja kwa Semeni, akamkuta anabanika. Kijiji kizima kikafuata nyuma, na wengi walikuwa bado na vidole vyenye mafuta.

"Nasikia wewe ndiwe unayekata mali yangu," alisema Jumbe.

"Nakata samaki wangu, Jumbe. Wako hana jeraha."

"Kuanzia leo samaki wote ni wangu. Mzima wangu. Mwenye jeraha wangu."

Wenye mikuki walisogea. Semeni alijua kwamba akiinamisha kichwa sasa, kesho wote watainamisha, na upawa wa maji ya moto utarudi milangoni. Akamwondoa samaki motoni, akamweka kwenye sahani, akaishika kwa mikono miwili, akamsogelea Jumbe mpaka mvuke ukampiga usoni.

"Kama ni wako, Jumbe, kula."

Jumbe aliitazama sahani. Zile chale zilikuwa zimefunuka, nyama nyeupe ndani, tui likichuruzika pembeni. Wote waliona koo lake likipanda na kushuka. Kilimani hawakuwa wamepika tangu jana. Lakini pia waliona macho yake yakitua kwenye majeraha yale ya ubavuni, na mkono wake, uliokwisha kuinuka, ukasimama. Akila, mwiko wa babu yake umekufa, na hakuna hata mmoja pale aliyekuwa hajui kwamba utawala wake wote ulisimama juu ya jina la babu huyo. Asipokula, samaki si wake, na ameyathibitisha hayo mbele ya kijiji kizima.

"Atapoa," alisema Semeni.

Jumbe Ngwele aliushusha mkono. Akageuka. Kabla ya kuondoka, kwa aibu, aliwaamuru watu wake waivunje migono ya Semeni yote iliyokuwa imeanikwa uani, na wakaivunja, wakaikanyaga mpaka ikawa kuni. Semeni aliwatazama bila kuwazuia. Ilikuwa migono ya mumewe, aliyoisuka kwa mikono yake, na iliuma. Walipoondoka aliziokota zile fito zilizovunjika, akazitia kwenye moto uleule, akarudi kubanika. Jirani mmoja akaingia, akakaa chini bila kuambiwa, akaanza kusuka mgono mpya. Mwingine akamfuata. Hapakuwa na maneno mengi. Palikuwa na njaa, na palikuwa na chakula.

Jiko la kilimani lilipoa, ua wake wa makuti ukaliwa na mchwa. Bibi Mwajabu aliishi mpaka mvua zilipokuja na kupita, akafa ameshiba, na hadi siku ya mwisho aligombana na mkwewe kwamba ndimu haijakolea.

Na tangu siku hiyo, samaki hawekwi motoni kabla ya kukatwa chale ubavuni. Watu wa mbali hufanya hivyo wakidhani ni kwa ajili ya viungo tu, na hawakosei, maana viungo huingia kweli. Lakini Mtapani bibi harusi akiingia jikoni mara ya kwanza, hupewa samaki mzima na kisu. Wakwe humzunguka, na mkubwa wao humuuliza kwa sauti ya ukali, kama mtu anayedai: "Samaki wa nani huyu?" Bibi harusi hajibu mpaka kisu kimezama. Hukata kwanza, mkato mrefu, mpaka mfupani, ndipo huinua uso na kusema, "Wangu."