Mji Ndani ya Kijaluba cha Wanja

Hapo zamani, karatasi ilipokuwa adimu kama maziwa ya kuku, ajuza mmoja aitwaye Mwana Rukiya alikuwa na utenzi wa kale wa mji wenye milango saba. Nakala ilikuwa hiyo moja tu. Mtoto hakuwa naye, na macho yake yaliona tu kile kilichosogezwa hadi puani.

Basi akatangaza: "Mji huu nimeusoma miaka sitini, sijauona. Atakayenionyesha mji mzima ndani ya kijaluba changu cha wanja, kitabu ni chake."

Somoe aliposikia, roho ilimruka. Kazi yake ilikuwa kushona majalada ya vitabu vya watu, na hakuweza kusoma hata kimoja. Kitabu kile alikitamani tangu utotoni. Akawaza kuukata mji huo kwa vipande vya karatasi alivyojiwekea. Lakini mji asioujua angeukataje?

Akamwendea Lali, mghani wa harusini, aliyeuhifadhi utenzi wote. Lali akaghani, Somoe akakata. Ubeti mmoja, mlango mmoja. Ubeti mmoja, mlango mmoja. Ikasimama milango sita, midogo kama punje za mtama.

Kufika wa saba, Lali akajisahau. Mghani ni mghani, penye ubeti mtamu hawezi kujizuia. Akavuta pumzi, akapaza sauti, na mji wote ukapeperuka hadi ndani ya chetezo cha udi. Ukawaka, ukaisha.

"Bwana Lali, umeniua!" Somoe akaangua kilio. "Vipande vya karatasi nilivyokusanya miaka minane!"

Jirani yake, mjane Mwanashee, akasikia kilio, akaja na karatasi nyembamba ajabu. "Barua ya mwisho ya marehemu mume wangu. Kata, mwanangu, kabla sijajuta."

Lali akaghani upya, safari hii kilemba kimemziba mdomo. Somoe akakata. Kwa mlango wa saba akachagua kipande chenye wino uliompendeza.

Wote watatu wakampelekea Mwana Rukiya mji, wakauweka ndani ya kijaluba chake, naye akakisogeza jichoni. Mlango wa kwanza, akatabasamu. Wa pili, akacheka. Alipofika wa saba, akalia.

"Hapa pameandikwa 'Nipo njiani,'" alisema. "Utenzini mlango huu haufunguki milele. Leo nimeuona wazi. Nani kaliweka neno hili?"

Wakatazamana. Somoe alilikata asijue ni neno. Lali hakulighani. Mwanashee alilitoa asijue litaangukia wapi.

"Mikono ni yangu, bibi," alisema Somoe. "Karatasi isiyokatwa ni karatasi tu."

"Na mji ni wangu," alisema Lali. "Bila mimi angekata nini? Tena beti zimeanza kunitoroka, nisipopata kitabu zitaniishia."

"Wewe si ndiye uliyeuchoma?" Mwanashee akamgeukia. "Bibi, mwenzangu huyu anayo mikono yake, huyu anayo sauti yake. Mimi niliyekuwa na kitu kimoja, kiko humo ndani, kimekatwakatwa."

Somoe akainamisha kichwa. Alimwonea huruma, na kitabu bado alikitaka.

Mwana Rukiya akafungua sanduku, akatoa kitabu, akakinyoosha mbele yake. "Utenzi haukatwi vipande kama mkate. Apokee mwenye haki."

Mikono sita ikanyooshwa, na ajuza hakuiona ni ya nani. Nyinyi mnaoiona, semeni: je, nani alistahili kukipokea?