Saumu Alale kwa Nani?

Sogeeni karibu, na mwenye cha kutafuna amalize kwanza. Leo sina sungura wala fisi. Nina mtoto mmoja, nina watu watatu waliomrudisha duniani, na nina swali lililonishinda.

Mtoto anaitwa Saumu, kwa kuwa alizaliwa mwezi wa Ramadhani. Baba yake alifariki kabla mtoto hajajua kutambaa, akabaki na mama yake, Mwanatumu.

Hao watatu wajueni mapema. Kibibi ni mama yake mdogo, fundi cherehani, na Mungu alimjalia macho. Jua likishazama yeye bado anatunga uzi kwenye sindano, wenzake wakipapasa. Zamu ni shangazi yake, dada wa marehemu baba, anayeishi Morogoro. Huyu alijaliwa ung'ang'anizi. Akikamata jambo halitoki, na ukibishana naye utalala wewe. Kazini kwake aliwahi kufundishwa huduma ya kwanza, basi tangu siku hiyo kila mtu akikohoa hutaka kumlaza chini. Wa tatu ni Nassoro, mjomba, mdogo wake Mwanatumu. Yeye alipewa pumzi. Kazi yake ilikuwa kuongoza wageni kutazama samaki kwenye mwamba wa ufuo wa Mawe Mapana, na akizama, walio juu huanza kumwombea dua kabla hajaibuka akicheka. Tangu Idd iliyopita hajacheka tena.

Kwao Idd Mosi ni ya kutembeleana na Idd Pili ni ya pwani. Nassoro ndiye aliyewaalika wote Mawe Mapana. Mikeka ikatandikwa, vitumbua vikatoka kwenye bakuli, watoto wakagombea boya. Nassoro akamwona dada yake anaingia majini na dera lake jipya la Idd, pana, limejaa maua.

"Dada, vaa suruali basi. Hilo litakulemea."

"Mbele ya shemeji na wakwe, Nassoro? Niache na stara yangu. Maji yenyewe ya magoti."

Nassoro akamwacha. Mnajua wanawake wetu, na mnajua dera. Akamvisha Saumu miwani ya kuzamia na mrija wake, akamfundisha kulala kifudifudi na kupumua polepole. Mtoto akainua kichwa, akapiga ukelele: "Mama! Kuna samaki wa njano, ana midomo kama shangazi!"

Walicheka hadi chai ikawamwagikia, na Zamu mwenyewe alicheka kuliko wote.

Kisha maji yakaanza kupwa. Pale mwamba umeacha pengo, na maji yakitoka hupita hapo kwa nguvu. Nassoro alilijua pengo hilo kama mlango wa nyumbani kwao, lakini wakati ule alikuwa upande wa pili akiwavuta watoto wengine kwenye boya.

Watu wote ufuoni walimwona Saumu amelala juu ya maji, na wote waliona mtoto anayetazama samaki. Mwenye kutazama samaki na mwenye kuzama hulala vilevile. Kibibi peke yake, akiwa na kitumbua mdomoni, aliona kitu kingine.

"Miguu! Miguu ya Saumu haipigi!"

Bila macho yale wangeendelea kula. Mwanatumu alikuwa karibu zaidi. Alikimbia majini, akamfikia mwanawe palepale pengoni alikokuwa amevutwa na maji, akamkumbatia. Dera likajaa maji, mkondo ukawazoa wote wawili, wakazama.

Nassoro aliacha boya, akaogelea, akapiga mbizi. Huko chini alimkuta dada yake. Dera lilikuwa limenasa kwenye matumbawe, naye amemwinua mtoto juu ya kichwa kwa mikono miwili. Nassoro akampokea Saumu. Akapanda naye, akamkabidhi kwa watu waliokuja na boya, akashuka tena. Alikuta kipande cha kitambaa cha maua. Mwanatumu alipatikana alasiri, mbali na hapo.

Mtoto alilazwa mchangani, hapumui, midomo imegeuka rangi. Mzee mmoja akasema, "Innalillahi. Mfunikeni." Kanga ikaletwa.

Zamu akaitupa kule. "Kafunike chungu chako!"

Akaanza kukandamiza kifua na kupuliza, kukandamiza na kupuliza. Walimwambia aache, hakuacha. Walimshika bega, akawapiga kiwiko. Magoti yalichubuka, jasho likamtiririka machoni, watu walikuwa wameshasema basi, ndipo Saumu alipotapika maji na kulia.

Baada ya arobaini walikaa sebuleni kwa Bi Mashavu, mama yao akina Mwanatumu. Bibi alisema wazi kwamba miguu yake imevimba, hawezi tena kumkimbiza mtoto. Mmoja wao amchukue.

"Ni damu ya kaka yangu," alisema Zamu. "Na walipotaka kumfunika, mimi ndiye niliyekataa. Nimpeleke Morogoro, akue bila kuisikia bahari hii."

"Umtoe penye kaburi la mama yake?" Kibibi alijibu. "Dada alipougua, mtoto huyu alinyonya kwangu. Na bila mimi kuona, wewe ungempulizia nani?" Kisha akafunika uso. "Ila nilipiga kelele. Ningemwendea Nassoro kimyakimya, dada asingesikia, asingeingia."

Tangu msiba Nassoro hakuwa amesimulia ya huko chini, si kwa mama yake, si kwa sheikh. Sasa aliona kwamba akinyamaza leo mtoto ataondoka.

"Alinishika," alisema. "Nilipompokea mtoto, dada alinishika mkono. Nilikuwa na pumzi ya kumpandisha mtu mmoja. Alinitazama, naye akajua. Akaniachia."

Bi Mashavu akauliza kwa sauti ndogo, "Alikuachia mwenyewe, mwanangu?"

"Mwenyewe, mama. Lakini mimi nilikuwa nimeshauvuta mkono wangu."

Hapo walilia wote. Nassoro akaendelea, "Nilimwacha dada yangu kwa ajili ya Saumu. Mkinipa, nitamlea mpaka nife. Mkininyima, nitakuwa nimemwacha kwa nini?"

"Na siku akikuuliza mama alikufaje?" Zamu hakusema kwa ubaya. "Utamwambia hilo ulilotuambia?"

Kila Nassoro akimtazama mtoto yule moyo ulimpasuka, na kila asipomwona ulimpasuka zaidi.

Bibi akamwita Saumu kutoka uani. Mtoto akaja na mikono yenye udongo, akasimama katikati yao.

"Mjukuu wangu, unataka kulala kwa nani?"

Saumu akamtazama Kibibi, akamtazama Zamu, akamtazama Nassoro. Kwake hilo halikuwa swali gumu hata kidogo.

"Kwa mama," alisema. "Mjomba anajua kuzamia. Mjomba, nenda kamchukue."

Hakuna aliyeweza kuinua uso, na mimi msimulizi nimeishia hapohapo sebuleni pamoja nao. Haya, nyinyi mlionisikiliza. Bila Kibibi asingeonekana, bila Nassoro asingepandishwa, bila Zamu asingepumua. Msiniambie agawanywe, na msiniambie aamue mwenyewe, mmeshamsikia. Bibi anangoja. Saumu mnampa nani?