Mzigo Hauulizi Mchoraji

Mzigo hauulizi mchoraji. Nimewaambia maneno hayo sasa hivi mlipokuwa mnagombea ramani ya nani itumike kujengea banda la ng'ombe, nanyi mkataka kujua yametoka wapi. Basi kaeni. Chanzo chake nilikishuhudia, nikiwa mwanafunzi wa uhandisi, mwaka wa kwanza.

Chuoni nilisoma na wasichana wawili, Sekela na Nakunda, waliolala chumba kimoja. Sekela alitoka shule kubwa ya Mbeya, na tangu utotoni hakuwahi kushika namba mbili. Nakunda alitoka milimani Upare, katika shule isiyokuwa na maabara. Wiki za mwanzo Sekela alimsaidia mwenzake kama mdogo wake. Walikula sahani moja, wakaazimana hata kanga.

Kisha tukaanza somo la kani na uimara wa vitu. Dakta Kihwelo alitufundisha kuichora boriti peke yake, kuondoa kila kinachoigusa, na mahali pake kuweka mishale inayoonyesha inasukumwa wapi na inabebwa wapi. Wengi wetu tulitoka jasho. Nakunda aliitazama boriti kama mtu anayemtazama jirani yake. Alijua inaumia wapi kabla hajashika kalamu. Haukupita muda, Dakta akawa anasema, "Mliokwama, mwulizeni Nakunda."

Zamani tulikuwa tunamwuliza Sekela.

Mwanzo alicheka na sisi. Baadaye akaanza kuiga lafudhi ya Nakunda mbele za watu. Watu wakija chumbani na maswali, yeye hugeukia ukutani akajifanya amelala. Nakunda akipata alama nzuri, Sekela husema mtihani ulikuwa rahisi. Wivu ulimkausha hadi akaacha kula naye sahani moja.

Muhula wa pili tulipewa kazi ya kujenga kivuko cha mbao juu ya mtaro, karibu na shule ya msingi iliyopakana na chuo. Watoto wa pale walikuwa wakiruka mtaro ule, na mvua ikinyesha walibaki ng'ambo. Kundi letu lilikuwa la watu watatu: Sekela, Nakunda na mimi. Sekela akawa kiongozi, na mchoro ukawa wake. Aliweka boriti, na chini yake mihimili mirefu, myembamba, iliyosimama mshazari kutoka kwenye kingo za mtaro ili kuibeba.

Nakunda aliutazama mchoro, akachukua rula ya plastiki, akaisimamisha mezani na kuikandamiza kwa kiganja. Rula ikapinda kama upinde. Akaishika katikati kwa vidole, akakandamiza tena. Safari hii haikupinda.

"Dada," alisema kwa upole, "mihimili yetu ni mirefu mno. Tuifunge katikati kwa ubao."

"Huo ni mchezo wa rula," Sekela akamjibu. "Mchoro nimeshaumaliza."

Jioni ile, kama alivyokuja kutueleza baadaye, alipiga hesabu peke yake akakuta Nakunda amesema kweli. Akanyamaza. Ubao mmoja tu ulitakiwa, lakini ubao ule ungeitwa wa Nakunda.

Siku ya kukijaribu kivuko tulikipakia mifuko ya mchanga kabla ya kuruhusu mtu apite. Nakunda alikuwa amesimama ukingoni mwa mtaro, akisogeza mfuko juu ya kivuko, ndipo mhimili mmoja ukapinda na kukatika. Boriti ikatumbukia, nayo ikamburuta. Tulimtoa mtaroni mkono wa kulia umevunjika.

Kwenye zahanati Sekela alikaa chini, sakafuni, kando ya kitanda.

"Nilijua," alisema. "Nilipiga hesabu, nikaona uko sahihi."

Nakunda alimgeukia. "Ulijua, ukaniacha nisimame pale?"

"Sikudhani mhimili ungekatika siku ile ile. Niliogopa watu watasema mchoro ni wako."

"Na mzigo ulipopanda," Nakunda akauliza, "ulikuuliza mchoro ni wa nani?"

Nakunda akageuza uso, na wiki nyingi zikapita bila wao kusemeshana. Msidhani alisamehe upesi. Alihama hata chumba.

Sekela alikwenda mwenyewe kwa Dakta, akasema yote, akavuliwa uongozi. Tulijenga upya. Nakunda alielekeza, mkono ukiwa kwenye bandeji ngumu. Sekela alipiga msumeno hadi viganja vikatoka malengelenge, na akafunga mihimili katikati kwa mikono yake. Mifuko ya mchanga ikapakiwa, kivuko kikatulia kimya.

Siku watoto walipovuka mara ya kwanza, mwalimu mkuu alitushika mikono akauliza, "Nani aliyekichora hiki?"

Nilimtazama Sekela. Ule wivu ulikuwa haujafa. Kisha akasema kwa sauti, kila mtu asikie, "Ni Nakunda. Mimi nilikuwa na mchoro mwingine, ukaanguka."

Nakunda alisogea kidogo tu, akampa nafasi asimame karibu naye.

Darasa zima likayashika maneno ya Nakunda kule zahanati, na sisi tukayapeleka kila tulikofanya kazi. Haya, rudini kwenye ramani zenu. Chagueni ile itakayobeba paa, hata ikiwa ya yule usiyempenda, kwa maana mzigo hauulizi mchoraji.